Mgongo wa Maji: Historia ya Njia na Vivuko vya Kagongwa

Kagongwa haisubiri jua. Alfajiri malori ya masafa yaliyolala kando ya lami yanawashwa moja baada ya jingine, ya Rwanda, Burundi na Kongo yakielekea Kahama, yanayorudi Dar es Salaam yakielekea Isaka. Nyuma ya maduka mashine za kukoboa mpunga zinaanza kunguruma. Na kutoka pande zote wanaingia wenye baiskeli, kila mmoja na gunia lililofungwa kwa mipira nyuma ya kiti, wametoka vijijini usiku kwa vijia vyembamba visivyo na kibao wala namba.

Mgeni akiyaona hayo husema: huu ni mji ulioletwa na lami. Anakosea kwa zaidi ya miaka mia moja. Lami ilikuta njia, na njia ilikuwa na sababu ya kupita huku. Sababu yenyewe ni maji, au tuseme ni namna ya kuyakwepa. Wafanyabiashara wa Tabora waliokwenda Karagwe, wamisionari waliokwenda Ushirombo, askari wa Kibelgiji walioshuka kutoka Biharamulo na madereva wanaokwenda Kigali, wote wamepita katika ukanda huu wa Kahama. Anayetaka kujua kwa nini asianze na wahandisi. Aanze na mvua.

Mvua inayogawana njia tatu

Nchi ya Kahama haina mlima wa kutisha. Ni kilima kifupi chenye mawe, mteremko mrefu, mbuga, kisha kilima kingine. Hata hivyo nchi hii iliyo tambarare ndiyo mgongo unaotenga mabonde matatu makubwa. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini huingia mto Isanga na mito mingine inayokwenda Ziwa Victoria, na kutoka huko huanza safari ya Nile mpaka Bahari ya Mediterania. Inayonyesha kusini na magharibi hushuka kwa Nikonga na Igombe hadi Malagarasi, ikaingia Ziwa Tanganyika, na mwisho wake ni mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Inayonyesha mashariki huchukuliwa na Manonga hadi mbuga za Wembere na Ziwa Kitangiri, na hiyo haioni bahari hata siku moja. Jua huimaliza bara.

Anayetembea kwa miguu huku amejitwika mzigo hahitaji kufundishwa jiografia hiyo. Miguu inaijua. Ukishika mgongo unakutana na mito ikiwa bado michanga, mingine ni makorongo ya mchanga yanayopitisha maji siku chache tu za masika. Ukishuka kilomita kadhaa, korongo lile lile limekuwa mto, na mto umejitandaza ukawa mbuga.

Na mbuga si mchezo. Wasukuma na Wanyamwezi wana majina ya udongo kama mabaharia walivyo na majina ya pepo. Juu karibu na mawe kuna luseni, mchanga mwepesi usioshika maji, mzuri kwa mihogo na mzuri kwa nyayo. Chini yake ni itogolo, kisha ibambasi, ardhi ngumu inayoteleza ikilowa. Chini kabisa ni mbuga yenyewe, udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi hata mguu wa ndama ukazama, na unaogeuka gundi mvua ikinyesha. Njia za kale zilitembea kwenye luseni kadiri zilivyoweza. Zilipolazimika kuvuka mbuga zilitafuta mahali pembamba, na mahali hapo pembamba ndipo palipoitwa kivuko.

Majina ya watu wenyewe yana habari hiyo ya safari. Kwa lugha za huku, sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Wanyamwezi waliposema Wasukuma hawakuwa wakitaja kabila. Walikuwa wakisema watu wa upande wa kaskazini, kama Mzanzibari anavyosema mtu wa bara. Ukoloni ukaja ukaandika neno hilo kwenye daftari likawa kabila. Na Kahama ikabaki katikati: kwa mtu wa Tabora ni sukuma, kwa mtu wa ziwani ni dakama.

Jembe kabla ya dhahabu

Kabla ya pembe za ndovu, na zamani kabla ya mtu yeyote kuita nchi ya Geita nchi ya dhahabu, bidhaa kubwa iliyopita njia hizi ilikuwa chuma. Wafua chuma wa Kirongo, katika nchi ya Uzinza kaskazini, waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto ya ngozi wakafua majembe. Majembe hayo yalibebwa mabegani kwenda kusini hadi Unyamwezi. Yalilima, yalilipa mahari, yalinunua ng'ombe na chumvi. Jembe lilikuwa fedha yenye mpini.

Wasumbwa, wenyeji wa upande wa Ushirombo na Runzewe, walikuwa miongoni mwa wasafiri wakubwa wa bara. Hawakuishia Tabora. Walivuka nchi ya Ziwa Tanganyika wakafika Katanga kutafuta shaba. Kijana mmoja aliyefuata njia hiyo ya baba yake, Msiri, alilowea huko, na kufikia miaka ya 1850 alianza kujijengea ufalme wa Garenganze, mji wake mkuu ukiwa Bunkeya. Aliutawala mpaka alipouawa Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa na mfalme wa Ubelgiji. Wafuasi wake, Wayeke, wako Kongo hadi leo. Dereva wa leo anayepeleka mzigo Lubumbashi akidhani anafungua dunia mpya, anafuata watu waliokwenda kwa miguu.

Msafara wa namna hiyo ulikuwa na utaratibu wake. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa manyoya au kitambaa chekundu, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Akifika njia panda, ile isiyo yake aliifunga kwa kulaza tawi au kuvuta mstari mavumbini, ili wa nyuma, ambao pengine walikuwa mwendo wa saa nzima, wasipotee. Tawi lile ndilo lililokuwa kibao cha barabara. Wapagazi waliofuata kwa mstari mmoja ndio walioichonga njia: upana wa nyayo mbili, imejipinda kila penye mti ulioanguka zamani, na haikunyooshwa tena hata mti ulipooza ukaisha.

Siku arobaini na saba

Tarehe 9 Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora, akielekea kaskazini. Mwenzake Richard Burton alibaki, anaumwa. Speke hakuvumbua njia. Alikuwa na wapagazi walioijua, na alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India na kurudi Afrika akiwa huru. Bombay alizungumza na Speke kwa Kihindustani, akazungumza na watu wa njiani kwa Kiswahili. Bila yeye Mwingereza yule angekuwa bubu kutoka Kazeh mpaka ziwani.

Walipanda kupitia nchi ya Msalala, jina ambalo leo limebebwa na moja ya halmashauri tatu za eneo la Kahama. Julai ni kiangazi. Mbuga zilikuwa zimekauka, makorongo yalikuwa mchanga mtupu. Tarehe 3 Agosti, karibu na Mwanza, Speke alipanda kilima akaliona ziwa limetanda, akalipa jina la malkia wake. Wenyeji waliendelea kuliita Nyanza. Tarehe 25 Agosti alikuwa amerudi Kazeh. Siku arobaini na saba, kwenda na kurudi.

Miaka mitatu baadaye alirudi na James Augustus Grant, na safari hii nchi haikumwachia kirahisi. Walitoka Kazeh Machi 1861, wakafika Karagwe kwa Rumanika mwezi Novemba. Miezi minane. Vita na njaa vilikuwa vimetanda Unyamwezi, wapagazi walikataa kwenda, wengine walitoroka. Septemba mwaka huo msafara wa Grant uliporwa katika nchi ya mtemi Myonga. Na kila mpaka wa utemi ulikuwa na lango lake.

Hongo

Lango hilo liliitwa hongo. Leo neno hilo likitajwa, mtu anafikiria bahasha chini ya meza na ofisi ya kuzuia rushwa. Katika karne ya kumi na tisa hongo ilikuwa kodi ya wazi, na mtemi aliyeitoza hakuona haya, kama halmashauri ya leo isivyoona haya kuweka kizuizi cha ushuru wa mazao. Njia ilipita katika nchi yake, maji ya visima vyake yalinywewa, na usalama wa mgeni ulikuwa juu yake. Mkono mtupu haulambwi.

Mambo yalikwenda hivi. Msafara ulifika ukapiga kambi nje ya boma, ambalo mara nyingi lilizungushiwa ukuta wa minyaa iliyoshonana. Siku ya kwanza mtemi hakuonekana. Ama amelewa, ama mgonjwa, ama yuko shambani. Siku ya pili walikuja wazee wake kutazama mizigo. Ndipo maneno yakaanza: doti kadhaa za vitambaa vya merikani na kaniki, shanga za rangi inayopendwa mwaka huo na si nyingine, nyaya za shaba. Msafiri alitoa nusu, wazee walizirudisha kwa hasira. Aliongeza. Walizipokea za mtemi, wakakumbusha kwamba bado za mke mkubwa, za ndugu wa mtemi na za wao wenyewe. Ilichukua siku tatu, nne, wakati mwingine wiki. Yakiisha, ngoma ilipigwa bomani, na mlio huo ukaenea nchi nzima: wageni wamelipa, njia iko wazi, asiwaguse mtu.

Speke aliandika kurasa na kurasa za kulalamikia hongo, hasa ya Suwarora wa Usui, magharibi huko kuelekea Biharamulo. Ukimsoma peke yake utadhani nchi nzima ilikuwa ya wanyang'anyi. Lakini mtemi naye alikuwa na hesabu yake. Watu mia moja wenye bunduki wanaingia kwenye nchi yenye njaa, wanakula, wanakunywa, kisha wanakwenda kumtajirisha jirani. Asipotoza, anapata nini zaidi ya nyayo?

Mtu aliyeielewa hesabu hiyo kuliko wote alikuwa Mirambo. Tangu 1871 mtawala huyo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji, na bei za bidhaa zikapanda mpaka Unguja. Vijana wake, warugaruga, walisonga haraka kuliko msafara wowote. Aprili 1876 Henry Morton Stanley, ambaye miaka mitano nyuma alikuwa upande wa Waarabu dhidi yake, alikutana naye mahali alipopaandika Serombo, wakachanjiana damu wakawa ndugu. Waliomtarajia jambazi walimkuta mtu mtulivu, anayesema kwa sauti ya chini. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake ikaanza kumeguka. Ushirombo na Runzewe zilikuwa tayari zimeonja vita vya namna nyingine: Watuta, Wangoni waliofika kutoka kusini, walikuwa wameweka makao Runzewe. Runzewe hiyo leo ni mji wa njiani, basi la Kahama kwenda Bukoba linapita hapo.

Vita hivyo vilibadilisha njia. Vijiji vilijikusanya ndani ya maboma, mashamba ya mbali yakarudi kuwa pori, na vijia vidogo vya kutembeleana vikafa. Zilibaki zile kubwa, kwa sababu biashara haikusimama.

Msalaba, bendera na reli

Wamisionari wa Kanisa la Kianglikana waliweka kituo Msalala mwanzoni mwa miaka ya 1880. Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyefukuzwa Buganda, alimalizia maisha yake Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Mwaka 1891 Mapadre Weupe walifungua misheni ya Ushirombo. Wote walitegemea njia zile zile za wapagazi, na barua zao zimejaa habari za mizigo iliyolowa kwenye vivuko.

Wajerumani walipanua baadhi ya njia ili gari na farasi viweze kupita. Kazi hiyo ilifanywa na wanakijiji. Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898, asiye na rupia alilipa kwa mikono: kukata miti, kujaza mashimo, kulaza magogo kwenye matope. Barabara ya kikoloni ilinyooshwa kwa rula, na hapo ndipo ugomvi wake na mbuga ulipoanza. Kijia cha kale kilizunguka kikavuka penye upenyo. Barabara mpya ilikata moja kwa moja, na kila masika mbuga ikadai eneo lake.

Mwaka 1916 vita vya Wazungu vilishuka na njia hizi. Kikosi cha Waingereza kilitoka Mwanza kupitia Shinyanga. Brigedi ya Wabelgiji chini ya Molitor ilitoka Biharamulo ikashuka kusini kupitia nchi za misheni za Ushirombo na Msalala. Wote walilenga Tabora, na Wabelgiji ndio walioingia, tarehe 19 Septemba 1916. Vitabu vinawataja maofisa. Waliobeba risasi, mchele na machela ya majeruhi walikuwa wanakijiji waliokamatwa njiani, na wengi hawakurudi kusimulia.

Baada ya vita Waingereza walijenga reli ya Tabora kwenda Mwanza, ikafunguliwa mwaka 1928. Reli haikugusa mji wa Kahama. Ilipita mashariki, na kituo cha kuhudumia Kahama kikawa Isaka. Kwa tendo hilo moja mlango wa safari ulihama. Kwa karne nzima mtu aliyekwenda Kahama alitoka kusini, Tabora, kupitia upande wa Bukene. Sasa mzigo wake ulishukia Isaka, ukafuata barabara ya kuelekea magharibi. Kagongwa iko katikati ya Isaka na Kahama, kama kilomita 20 kila upande, na njia ya Bukene na Itobo nayo inatokea hapo hapo. Mji ulikuwa bado haujazaliwa, lakini njia panda yake ilikuwa tayari.

Watu wanasogezwa kwenye barabara

Mara mbili katika karne ya ishirini serikali ilihamisha watu wa nchi hii, na mara zote mbili ramani ya vijia ilifutwa na kuchorwa upya.

Ya kwanza ilisababishwa na mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa mapori ya magharibi katika makazi makubwa, na upande wa Shinyanga ikaendesha kampeni za kufyeka vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Njia zilizounganisha vijiji vilivyoachwa zilimezwa na miombo. Mwindaji na mrina asali ndio waliobaki wakizijua.

Ya pili ni ya vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwaka 1974 operesheni ilipita mkoa wa Shinyanga. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya na minyaa yake, ng'ombe wake na kijia chake cha kwenda kisimani. Wakaambiwa wajenge kwa mistari kando ya barabara, ili shule, zahanati na lori la serikali viwafikie. Nyumba za nyuma zikawa matongo. Ukitembea leo mashambani ukakuta mistari miwili ya minyaa mikubwa inayokwenda sambamba bila nyumba yoyote, jua uko kwenye njia ya ng'ombe ya kabla ya 1974. Minyaa ilipandwa ili mifugo isiingie kwenye mazao. Watu walihama, ng'ombe wakauzwa au wakafa, ua ukabaki unalinda njia isiyo na mpitaji.

Mwenye baiskeli na mbuga

Tumtazame mtu mmoja anayepita huko leo, maana njia ya zamani haijafa yote. Ni mwezi wa tatu, mvua imenyesha siku mbili mfululizo. Ana gunia la mpunga analotaka lifike mashineni Kagongwa kabla bei haijashuka. Baiskeli yake ni ile nzito ya kizamani, ameiongezea nondo kwenye keria, na madigadi ameyang'oa, kwa sababu udongo wa mbuga ukijaa kati ya madigadi na tairi gurudumu halizunguki tena.

Kwenye luseni anapanda. Akifika ibambasi anashuka na kusukuma, vidole vya miguu vimekunjwa kuzuia utelezi. Penye mbuga anavua kandambili anaziweka mfukoni. Kila hatua kumi anasimama, anachukua kijiti alichokichomeka kwenye gunia, anakwangua tope kwenye uma. Mwisho anafika korongoni. Maji yana rangi ya chai ya maziwa na yanakwenda kasi. Hapo wamesimama vijana wanne. Hakuna daraja, kuna drifti ya zege iliyojengwa miaka kadhaa nyuma, maji yamepita juu yake na upande mmoja yamechimba shimo. Vijana wanajua shimo lilipo. Wanataja bei: gunia kiasi hiki, baiskeli kiasi hiki, mwenyewe akishikwa mkono bure. Anabisha, wanacheka, anaongeza kidogo. Mmoja anatangulia na fimbo akipapasa, wawili wamebeba gunia juu ya vichwa.

Mtemi hayupo, ngoma haipigwi. Hongo ipo.

Kutoka Isaka hadi Rusumo

Upande wa magharibi barabara hii inaishia kwenye kivuko kikubwa kuliko vyote, maporomoko ya Rusumo juu ya mto Kagera. Mjerumani Graf von Götzen alivukia huko mwaka 1894 akaingia Rwanda. Miaka mia moja baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja wakielekea Ngara. Dunia ilikuwa haijawahi kuona umati kama huo ukivuka mpaka kwa kasi hiyo. Chakula chao kilikuja kwa reli mpaka Isaka, kikapakiwa kwenye malori, na malori yakapita Kagongwa usiku na mchana. Isaka ikaendelea kukua kuwa bandari kavu ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa Aprili 2016 na marais John Magufuli na Paul Kagame.

Upande wa kaskazini dhahabu ndiyo iliyovuta watu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Kisha ikaja migodi mikubwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, na Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, 2009. Kabla na pembeni yake walikuwepo wachimbaji wadogo, ambao ndio hasa wafungua njia. Dhahabu ikivuma mahali, ndani ya wiki kijia cha mbuzi kinakuwa cha pikipiki, kisha cha magari ya mama lishe na ya maji. Ikiisha, kinarudi kuwa cha mbuzi. Lakini barabara ya kutoka Kahama kwenda Kakola, mlangoni mwa Bulyanhulu, yenye kilomita 73, iliendelea kuwa ya vumbi kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya dhahabu kuanza kutoka, na ujenzi wa lami umeanza miaka hii ya karibuni tu. Jembe la Kirongo lilipofuliwa huko, angalau lilishuka kulima huku.

Mtu wa Geita aliyetaka Mwanza alikuwa na kikwazo kingine, ghuba ya ziwa kati ya Busisi na Kigongo. Kwa mitumbwi, kisha kwa vivuko vya serikali, watu walipanga foleni, wagonjwa wakiwa kwenye magari ya wagonjwa, samaki wakiwa kwenye barafu. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la kilomita 3 lililopewa jina la J.P. Magufuli. Kilichochukua saa sasa ni dakika chache.

Reli ya kisasa nayo inakuja. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ulizinduliwa Juni 2021, na kipande cha Tabora hadi Isaka ni kilomita 165. Kwa mara nyingine Isaka ndiyo kiungo.

Maji yanapanda mgongo

Katika yote yaliyopita hapa, la ajabu kuliko yote halina magurudumu. Ni bomba. Maji ya Ziwa Victoria huchotwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yakasukumwa hadi Shinyanga na Kahama, na baadaye Isaka na Kagongwa. Mabomba mengine yameendelea hadi Nzega, Igunga na Tabora. Yaani maji ya bonde la Nile yamepandishwa mgongo ule ule wa Kahama, yakashushwa upande wa pili ambako mvua hukimbilia Tanganyika na Wembere. Ni njia ya Speke na Bombay kinyumenyume. Wao walitoka Tabora kulifuata ziwa. Leo ziwa linakwenda Tabora.

Mgongo, basi, haujahama. Kila mtawala aliyekuja alidhani anajenga njia yake, na kila mmoja aliishia kupita alipotangulia kirangozi. Waliomkaidi wanajulikana: ni wale ambao madaraja yao husombwa kila masika.

Kilichobaki ni kumbukumbu, na hiyo inakwisha haraka kuliko lami. Majina ya vivuko vya zamani, mahali misafara ilipopiga kambi, njia ya ng'ombe iliyofika lamboni, yote yamo vichwani mwa wazee, na hayakuandikwa popote. Kijiji kinapoketi kupanga matumizi bora ya ardhi, mapito haya yanauzwa viwanja kwa sababu hakuna aliyeuliza, na mwaka unaofuata mkulima na mfugaji wanafikishana polisi, au mafuriko yanaingia nyumba iliyojengwa penye kivuko.

Kwa hiyo wewe uliye Kagongwa, Isagehe, Ushetu au Msalala, chukua daftari la shule na mtoto anayejua kuandika, mkaketi na bibi au babu jioni moja. Muulizeni: kabla ya Operesheni, mlipita wapi kwenda kwenu, na mlivukia wapi mvua ikinyesha? Andikeni majina yote, kisha mpeni nakala mwenyekiti wa kijiji kabla ya kikao kijacho cha ardhi.